Matenga Mawili Juu ya Nguzo

Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta Mkuu wa Kituo amepiga magoti kwenye majani, anachungulia ndani ya kipimamvua kama mama anayeangalia uji umeiva au bado. Hakuinua kichwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kujua anamwitikia nani, kisha akaniambia nisogee kwa sababu nilikuwa namkinga mwanga. Ndivyo nilivyopokelewa katika kazi iliyonilisha mpaka nywele zikawa nyeupe.

Kituo chetu kilikuwa kando ya uwanja mdogo wa ndege, nje ya mji wa Arusha kwa upande wa magharibi. Ninyi mnaosoma haya mmezoea kufungua simu na kuona kijua kidogo au kiwingu kidogo, basi mnajua kama mtabeba mwavuli. Nataka mjue kijua hicho kilikuwa kinatoka wapi. Kilikuwa kinatoka kwa mtu kama mimi, binti wa Machame aliyevaa sweta la kufumwa na mama yake, anayetembea kwenye umande kwenda kufungua kibanda cheupe cha mbao. Kuta za kibanda kile zilikuwa vipande vilivyolala upande ili upepo upite lakini jua lisipige. Ndani yake vilining'inia vipimajoto viwili. Kimoja kilikuwa kikavu, kingine kilifungwa utambi uliochovywa kwenye maji. Ukitoa joto la hiki kwenye joto la kile unapata unyevu wa hewa. Ofisini tulikuwa na barometa, chombo kinachopima uzito wa hewa, na Mkuu wa Kituo alikuwa anaigonga kwa ukucha kila alipopita, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi.

"Binti," aliniambia siku ile, alipokwisha kusimama na kujipangusa magoti, "unauona Meru?"

"Ndiyo, mzee."

"Huuoni. Unaona mawingu. Sasa kaa hapa, utazame mpaka uniambie yanaelekea wapi."

Nilikaa, mchana nikala ndizi mbili, nikaendelea kukaa. Jioni nikamwambia yanaelekea kusini lakini yale ya juu yanakwenda kinyume chake. Hakunisifu. Alisema tu kwamba kesho nije na viatu vya kufunika vidole.

Jambo moja alilonifundisha ndilo nililolibeba mpaka mwisho. Kila jioni ndege ya mwisho ilipotua, alishika simu ya upepo, ile redio ya kuongea kituo kwa kituo, akasema maneno mawili: "Wote wamerudi." Hapo ndipo alipomimina chai yake. Kabla ya hapo birika lingeweza kupoa hata likawa na utando, yeye hagusi. Nilimuuliza mbona anajitesa. Akasema, "Mama, ukitoa taarifa hujamaliza kazi. Unamaliza walioisikia wakifika nyumbani." Niliona ni mzee anayependa makuu. Baadaye nilikuja kumwelewa vizuri sana, tena kwa machozi.

Kisha ikaja ruksa, serikali ikawaachia watu wafanye biashara. Nyie wadogo mlizaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kujua ilikuwaje kuona sabuni za kila rangi zimepangwa dukani baada ya miaka ya kupanga foleni kwa ajili ya kipande kimoja. Watu walianza biashara ambazo hazikuwahi kuwepo. Jirani yangu pale Daraja Mbili, nilipokuwa naishi na mume wangu mwalimu, aliacha kazi ya ukarani akawa anauza mitumba, akanenepa. Na wageni wakaanza kumiminika kuja kuona wanyama, na kila mwenye gari bovu akajiita kampuni ya utalii.

Katika hao alikuwepo bwana mmoja kutoka Moshi aliyekuwa akiuza vipuri. Aliagiza mitumbwi ya kupiga kwa kafi, akajenga gati la mbao kwenye ziwa moja dogo huko Momela, akawa anawatembeza wageni majini waangalie viboko na heroe. Huyu ndiye nitakayemwita Meneja, kwa kuwa mwenyewe alipenda sana kuitwa hivyo. Alikuwa na kelele, lakini alikuwa na hofu ya Mungu. Aliandika kwa wakubwa wangu kuomba aazimwe mtu wa hali ya hewa, maana aliona namna upepo wa kule unavyogeuka. Wakubwa wakatazamana. Wanaume wote kituoni wakakumbuka ghafla kwamba migongo inawauma. Nikaenda mimi.

Momela ni kuzuri, lakini ni kwa baridi na nyati. Nyumba niliyopewa ilikuwa hatua chache kutoka gatini, na asubuhi nilikuwa nachungulia dirishani kwanza kabla sijafungua mlango, nisije nikamwamkia nyati. Nilisimika kibanda changu cheupe, nikaweka kipimamvua, nikatundika barometa ukutani. Kila asubuhi niliwakusanya wageni mbele ya ubao na kuwaeleza mambo ya siku ile: upepo unatoka wapi, mawingu ya mlimani yamekaaje, viboko wamelala upande gani, na kwamba jaketi la kuokolea maisha linafungwa kifuani, halikaliwi kama mto.

Wengi wa wageni hao walikuwa mabaharia kweli. Waliacha mashua zao za matanga huko Tanga, wakapanda bara kutembea. Nao swali lao la kwanza lilikuwa lile lile: maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi? Lotha, mkuu wa waendesha mitumbwi, alikuwa anageuka pembeni kucheka. Lotha alikuwa Mmeru wa hapo hapo chini ya mlima, mrefu, mwenye meno ya kahawia kwa sababu ya maji yetu yenye madini, na alinitania tangu siku niliyoshuka kwenye gari.

"Waambie, Mama Hali ya Hewa," alikuwa anasema. "Waambie maji yanajaa Meneja akiingia kuoga."

Lakini swali la wageni halikuwa la kipuuzi kama tulivyodhani. Nilipoanza kutazama nguzo za gati niliona kwamba maji yetu nayo yalikuwa yanapanda na kushuka, ila si kwa mwezi. Upepo ukivuma kwa nguvu kutoka upande mmoja husukuma maji yakajaa ng'ambo, na gati likabaki na tope. Upepo ukiachia, maji yanarudi, yanapita kiasi, yanarudi tena. Ni kama ukibeba karai la maji ukasimama ghafla. Nikawa nawaambia mabaharia: hapa kwetu maji hayapwi kwa saa, hupwa kwa hasira. Hilo walilipenda, na mama mmoja nahodha kutoka nchi za baridi, jina lake Greta, alilichukua akawa anawaeleza wenzake kama lake.

Tulikuwa na bendera mbili kwenye nguzo ndefu ya gati. Ya njano ilimaanisha upepo upo, msiende mbali, na hasa msipite nyuma ya kilima cha ng'ambo, kwa sababu nyuma ya kilima kulikuwa na ghuba ambayo mtu akiwa ndani yake haioni nguzo kabisa. Nyekundu ilimaanisha hatari, rudini nyote na asitoke yeyote. Mtu aliyeko majini hasikii kelele, ila macho anayo. Kazi yetu yote ilitegemea vitambaa vile viwili.

Basi vikaja vyama vingi. Mji mzima ukajaa bendera, kwenye miti, kwenye baiskeli, juu ya vibanda vya chipsi. Watu wakawa wanapigana kwa ajili ya rangi. Siku moja likaja gari kutoka ofisi fulani ambayo siitaji, akashuka bwana mwenye suti ya kaunda, akatazama juu ya nguzo yetu kwa muda mrefu. Siku ile upepo ulikuwa mkali, ile nyekundu ilikuwa inapepea vizuri.

"Hiki ni chama gani?" akauliza.

"Ni upepo, mheshimiwa," nikasema.

Akadhani namfanyia mzaha. Nilimweleza kwa heshima zote, nikamwonyesha na barometa. Alisema amenielewa, tena akaniita mama, lakini agizo ni agizo: kwenye maeneo ya kazi haipandishwi bendera yoyote isipokuwa ya Taifa mpaka uchaguzi upite. Nyekundu ilifanana na ya hawa, ya njano ilifanana na ya wale, na yeye hakutaka kuulizwa. Alisubiri mpaka tukazishusha.

Hasira niliyokuwa nayo siku ile, nikiikumbuka mpaka leo nahisi joto masikioni. Sikulala. Asubuhi nikawazuia wote wasiingie majini, Meneja akapiga kelele, mimi nikapiga zaidi. Yule Greta alikuwa anakunywa chai barazani, akauliza kuna nini. Nilipomweleza alicheka, kisha akasema kwamba huko kwao, kwenye bandari ndogo za wavuvi, watu wa zamani hawakupandisha bendera, maana ukungu huzifanya zote kuwa za kijivu. Walikuwa wanatundika maumbo. Pipa jeusi, kitu cha umbo la pia wanayochezea watoto, chochote kinachoonekana kutoka mbali. Umbo halina rangi, akasema, na bila rangi halina chama.

Lotha hakusubiri tumalize mazungumzo. Gari la sokoni lilikuwa limetoka Maji ya Chai na nyanya za jikoni, na matenga yalikuwa yamelala pale nyuma, yale makubwa ya kufumwa kwa fito. Akachukua mawili, akayapaka lami, akayafunga kamba. Tenga moja juu, kaa karibu. Matenga mawili, rudini. Nikamkumbatia mbele ya wageni, na kwa mama wa Kilutheri wa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa hapa ndipo kosa lilipotokea, kosa ambalo nadhani lisingewezekana popote isipokuwa kwetu. Huku Umeruni wakati ule, mtu akipika mbege, ile pombe ya ndizi, ya kuuza hakuandika tangazo. Alitundika chombo juu ya mti mbele ya nyumba yake, iwe kibuyu, kopo, chochote, na mwenye kiu akaelewa. Siku ya kwanza tulipopandisha tenga moja juu ya nguzo ndefu kuliko zote pande zile, watu wakaanza kushuka kutoka mashambani. Walikuja taratibu, wamevaa makoti, kila mmoja na kikombe chake. Mbele yao alikuwa Mzee Kaaya, ambaye shamba lake lilikuwa juu ya kile kilima, upande wa pili kabisa wa ziwa. Alikuwa na fimbo mkono mmoja na kata ya kibuyu mkono mwingine.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama. Ipo?"

"Ipo nini, mzee wangu?"

Akaelekeza fimbo juu. "Na tenga lote hilo! Nikasema leo wamepika ya kuogea."

Nilipomweleza kwamba ni ishara ya upepo alishusha fimbo. Wenzake nyuma yake wakaanza kutazama chini. "Si mlisema ruksa?" akaniuliza hatimaye, kwa huzuni ya kweli. "Nikasema basi, hata wazungu wamepika. Kutundika chombo na ndani hakuna kitu, mama, huko ni kuwatesa watu."

Niliona aibu kwa niaba ya tenga. Nikawaketisha wote kwenye ngazi za gati, Meneja akatoa chai na mikate, nami nikawaeleza kama nilivyokuwa nawaeleza wageni: moja maana yake hivi, mawili maana yake vile. Mzee Kaaya alinirudisha nyuma mara kadhaa ili asikie vizuri. Waliporudi kwao habari ikaenea mpaka Ngare Nanyuki, gati letu likaitwa Baa ya Mama Hali ya Hewa, na nikienda sokoni wauza ndizi walikuwa wananiuliza leo nimetundika ngapi. Nilichukia kidogo, kisha nikazoea.

Siku ninayotaka kuwasimulia ilikuja msimu uliofuata, masika yakiwa karibu. Uchaguzi ulikuwa umekwisha na bendera zingeweza kurudi, lakini kila mtu alikuwa ameyazoea matenga. Greta alikuwa amerudi tena na wenzake. Asubuhi ilikuwa ya joto lisilo la kawaida kwa Momela, hewa imetulia, barometa inashuka pole pole. Juu ya Meru lilikuwa limesimama wingu lenye kichwa cheupe kilichofumuka. Nikapandisha tenga moja, nikawaambia waendeshaji: karibu na gati, na nyuma ya kilima hapana. Mitumbwi ikatoka. Wa mwisho ulikuwa wa Lotha, amempakia Greta na rafiki yake mmoja.

Kabla ya mvua kubwa ya radi huja upepo wake. Baridi inayoporomoka kutoka ndani ya wingu ikifika chini haina pa kwenda, inakimbia mbele kwa kasi, na mvua inafuata nyuma. Anayeitazama mvua peke yake amechelewa. Mimi nilikuwa natazama vumbi. Na kwa upande wa Ngare Nanyuki, ambako ardhi ni kavu, nikaliona: ukuta mwekundu, chini chini, unakuja. Nilikimbia kwenye nguzo. Kamba haikunikwama. Matenga mawili yakasimama juu.

Waendeshaji walikuwa wazuri, nawasifu mpaka kesho. Walipoona tu waligeuza, wakapiga kafi bila kelele, mmoja mmoja wakaingia gatini, wageni wakashuka wanacheka bado, hawajui wanachekea nini. Nikawa nahesabu vichwa. Nikahesabu tena. Mtumbwi wa Lotha haukuwepo, wala haukuonekana popote juu ya maji.

Upepo ukapiga. Jaketi zilizoanikwa ziliruka zote. Ziwa lile dogo, ambalo wageni walikuwa wanaliita bwawa, likawa na mawimbi meupe, na maji yakaanza kusukumwa kwenda ng'ambo. Gati likabaki juu ya tope, mitumbwi imelala ubavu kama samaki sokoni. Meneja alikwisha kuvaa jaketi na kushika kafi.

"Tuusukume mmoja mpaka kwenye maji," akasema. "Vijana wawili na mimi."

"Hakuna anayetoka," nikasema.

"Mama, ni Lotha yule!"

"Najua ni Lotha. Matenga mawili yako juu."

Alinitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena na mtu. Alikuwa analia, mtu mzima yule na kelele zake. Nami ndani nilikuwa namlilia Lotha zaidi yake, lakini niliona wazi kwamba nikiwaruhusu, badala ya kuwatafuta watatu tutawatafuta sita. Nilisimama mlangoni mwa gati, nikashika nguzo huku na huku kwa mikono miwili. Angetaka angenisukuma. Hakunisukuma. Alikaa chini palepale kwenye mbao akajifunika uso.

Mvua ikaja, ikapiga, ikapita. Mimi si mtu wa kupamba, kwa hiyo sitawaeleza nilivyosali, ila niliahidi mambo mengi ambayo mengine sijayatimiza mpaka leo. Simu ya upepo ikaita kutoka kituo changu cha zamani. Ilikuwa sauti ya Mkuu wa Kituo, yule yule wangu wa kwanza, karibu kustaafu.

"Momela, wote wamerudi?"

"Bado, mzee."

Akasema, "Nipo hapa hapa." Nikajua kwamba birika lake linapoa.

Maji yalipoanza kurudi chini ya gati na mitumbwi kuanza kusimama wima, Meneja akaniangalia. Nilikuwa nafungua mdomo kumwambia sasa nendeni. Ndipo mmoja wa waendeshaji akaonyesha njia ya nchi kavu, ile inayozunguka ziwa kutokea kilimani.

Mbele alikuwa Mzee Kaaya na fimbo yake. Nyuma yake Greta, amejifunga blanketi la mtu, ameshika kata ya kibuyu kwa mikono miwili kama ushirika mtakatifu. Kisha rafiki yake, miguu mitupu, tope mpaka magotini. Wa mwisho Lotha, kafi begani, anatembea kama mtu anayetoka shamba.

Sikumbuki nilivyoshuka ngazi. Nakumbuka nilimpiga Lotha kwa sweta langu lililolowa, kichwani na mgongoni, nikimwita majina kwa Kichaga ambayo nashukuru hakuyaelewa yote, na yeye akawa anasema, "Dada, subiri, Dada, nisikilize." Meneja alimshika Mzee Kaaya akamwinua juu, fimbo na koti na vyote.

Walinieleza baadaye, tulipokuwa tumeketi. Lotha hakukaidi. Walipokuwa wanarudi viboko waliibuka kati yake na gati, akazunguka mbali nao kama inavyotakiwa, na kule kuzunguka kukamtupa nyuma ya kilima, mgongo kwa nguzo. Hakuwa na namna ya kuona. Alikuwa anangoja viboko wazame ili arudi kwenye maji wazi, katikati kabisa, na huko upepo ungemkuta. Lakini Mzee Kaaya alikuwa shambani juu, na kutoka kule unaona vyote, gati na ghuba.

"Nikaona matenga mawili," akasema mzee. "Kwanza nikasema leo sidanganyiki. Halafu nikakumbuka somo. Moja hivi, mawili vile. Nikatazama chini, namwona kijana wangu anazubaa na viboko. Nikachukua debe nikapiga, nikapiga, nikamwita kwa jina la babu yake. Akageuka. Nikamwambia panda huku, wacha huko."

"Aliniita jina ambalo hata mke wangu halijui," akasema Lotha.

"Sasa mbona mlichelewa hivi?" nikauliza. "Mvua imekwisha zamani! Mnajua mlivyotuua hapa?"

Mzee Kaaya akanishangaa. "Mama, wageni wameingia kwangu, wamelowa, na mbege ipo. Ungetaka niwatoe hivi hivi, kavu? Watu wangesemaje?"

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka, sijui kipi kilianza. Greta alikuwa amesimama kwenye gati anatazama alama ya tope kwenye nguzo, pale maji yalipokuwa yameshuka, na yalivyokuwa yanapanda tena taratibu. "Leo yalikupwa," akasema kwa Kiswahili chake. Nikamjibu kwamba yamekwisha kujaa.

Kisha nikaenda kwenye simu ya upepo, nikabonyeza kitufe. Nikasema, "Wote wamerudi," na upande wa pili nikasikia, wazi kabisa, mlio wa chai inamiminwa kwenye kikombe.

Baada ya hapo niliendelea Momela miaka mingi. Nilihamishwa mara moja kwenda makao makuu ya kanda, nikiwa na meza na kiti kinachozunguka, nikaomba kurudishwa. Kampuni ilibadilisha wenyewe, ikaja king'ora cha umeme, zikaja simu za mkononi, matenga ya fito yakawa ya plastiki. Nguzo haikuondolewa. King'ora kiliharibika kila mvua ikinyesha, yaani kila kilipohitajika, na matenga yakawa yanapanda kama kawaida. Mzee Kaaya alitutoka kwa uzee, kitandani kwake, na siku ya mazishi Lotha alikwenda na debe, akalipiga mara moja tu kaburini. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Nimestaafu sasa. Tumejenga Maji ya Chai, mimi na mwalimu wangu, nyumba inayotazama mlima. Watu huniuliza kama nakumbuka kazi. Ninachokumbuka zaidi si kazi, ni ule utulivu wa jioni, ule mwili unaolegea mtu akishajua kwamba hakuna aliyebaki nje. Nilidhani kustaafu kutanipa utulivu huo bure, kila siku, tangu asubuhi. Wapi. Jioni ya kwanza nyumbani mume wangu alinipikia chai ya tangawizi, akaniwekea kikombe barazani. Mimi nikakaa natazama Meru na wingu lake. Chai ikaanza kupoa. Akaniuliza kama imekosa sukari. Nikamwambia hapana, iko sawa, nitakunywa.

Jua lilikuwa linaingia nyuma ya mlima simu iliponiita. Alikuwa Neema, dada aliyechukua nafasi yangu kule gatini. Sikuwa nimemwambia anipigie. Sikuwa nimemwambia habari za chai wala za Mkuu wa Kituo. Nadhani Lotha alimwambia, mzee yule, bado anashinda kule anawasumbua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mama. Wote wamerudi."

Nikachukua kikombe changu. Kilikuwa kimepoa kabisa, na nilikinywa chote.